Kucha za Mwosha

Kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke akifariki katika mitaa ile ya Tandika, mtu wa kwanza kupigiwa simu baada ya ndugu alikuwa Bi Mauwa. Alifika na mkoba wake: glavu, pamba, mkasi, kafuri, na majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Aliingia chumbani na wasaidizi wawili, akafunga mlango, na alichokiona humo hakikutoka naye. Watu walimpendea hilo. Wapo waosha maiti wanaotoka wakinong'ona, marehemu alikuwa na hiki, marehemu alikuwa na kile. Bi Mauwa alikuwa akitoka anaomba chai.

Siku ambazo hakuna msiba aliuza vitumbua. Alfajiri anaosha mchele, mchana anakuna nazi, jioni anafua. Mikono yake ilikuwa haikauki. Kwa hiyo tatizo lilipoanza hakulitilia maanani. Ukucha wa kidole gumba cha kulia uliingia weupe pembeni, kama unga uliojipenyeza chini yake. Miezi ikapita, weupe ukageuka njano, ukucha ukanenepa, ukainuka, ukawa unameguka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu. Kikafuata kidole cha shahada. Kikafuata cha kati.

Munira, mtoto wa kaka yake aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano, alikuwa fundi cherehani Manzese na alirudi kila jioni na dawa mpya. Kwenye duka la dawa walimwambia bila hata kuuona mkono, "Fangasi hiyo, mpelekee hii." Tyubu tatu ziliisha. Jirani akashauri kitunguu saumu na siki. Mchuuzi mmoja wa pale Manzese akauza kichupa cha maji ya kijani, na hayo yaliunguza ngozi mpaka ikatoa majimaji. Mwishowe Bi Mauwa aliamua kuzificha. Rangi ya kucha asingeweza kupaka, inazuia udhu. Akapaka hina, vidole vyote kumi, akirudia kila ilipofifia.

Hina inaficha rangi, haifichi unene. Wateja wa vitumbua walianza kupungua. Siku moja alimsikia mwanamke akimwambia mwenzake pale kwenye kona, wala hakushusha sauti, "Mie sili tena. Zile kucha kaambukizwa na maiti." Bi Mauwa aligeuza vitumbua vyake kwenye moto kama hajasikia. Usiku ule alimuuliza Munira, "Hivi inawezekana kweli?" Munira alisema haiwezekani, lakini hakuwa na uhakika, na shangazi yake aliliona hilo usoni mwake.

Ilikuwa miezi hiyo hiyo ambapo Somoe alizidiwa.

Somoe na Mauwa walichezwa unyago pamoja. Waliolewa mwaka mmoja, wakazaa, wakafiwa na waume. Nyumba zao zilitenganishwa na mitaa miwili tu. Figo za Somoe zilikuwa zimechoka, miguu imevimba, na tangu aache kuweza kuinama, Bi Mauwa alikwenda kila asubuhi kumwogesha. Somoe hakukubali mtu mwingine. Binti yake wa pekee, Raudha, aliyeolewa Ukonga, alipokuja kukaa na mama yake na kujitolea kumwogesha, Somoe alimfukuza mlangoni.

Sababu aliijua Bi Mauwa peke yake. Mgongo wa Somoe, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ulikuwa umekunjamana na kung'aa, ngozi imeshikana kama mfuko wa nailoni uliopitiwa na moto. Mume wake, Mashaka, alimmwagia sufuria ya maji yanayochemka wakati ana mimba ya Raudha ya miezi sita. Akamkimbiza hospitali yeye mwenyewe, akilia. Hakumgusa tena kwa ubaya maisha yake yote. Raudha alipozaliwa akawa baba ambaye mtaa mzima ulimtolea mfano: ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyempeleka shule begani. Alipofariki, Raudha alizimia mara mbili. Picha ya Mashaka, na kofia yake nyeupe, ilikaa sebuleni juu ya televisheni, na Raudha kila akiingia alianza kuisalimia picha kabla ya mama yake.

"Pendo hilo ndilo tu alilonalo la baba yake," Somoe alimwambia Bi Mauwa siku moja, akiwa ameketi kwenye kigoda bafuni na maji yanamtiririka. "Sitaki alipoteze. Mie nilishasamehe, sasa yeye aje aanze upya kumchukia mtu aliyekufa?"

"Usiseme mengi, utachoka."

"Nasema kwa sababu najua naondoka. Shoga yangu, nikifa unioshe wewe. Raudha atataka kuingia, mwache aingie, ni mwanangu. Lakini wewe unajua kufunika. Mgongo wangu asiuone."

"Sitamwachia mtu," Bi Mauwa alisema. "Nakuahidi."

Wiki hiyo Raudha alimkuta Bi Mauwa akimlisha mama yake uji. Hina ilikuwa imeanza kufifia. Raudha aliangalia kile kidole gumba kilichoshika kijiko, akaangalia pembeni, kisha akamwita nje.

"Ma'mdogo, samahani sana. Hizo kucha umemwonyesha daktari?"

"Nimetumia dawa nyingi tu, mwanangu."

"Mama hana kinga. Akipata chochote sasa hivi…" Aligeuka kuutazama mlango. "Naomba usimshike kwanza. Usinielewe vibaya."

Bi Mauwa hakumwelewa vibaya. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba yule binti alikuwa akimlinda mama yake kama inavyopasa.

Asubuhi iliyofuata Munira aliomba ruhusa kazini, akampeleka shangazi yake kwenye kliniki ya ngozi. Daktari alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa, Tusajigwe, mwembamba na mpole, aliyewaamkia kabla hawajaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alivuta taa ya mezani, akaushika mkono wa Bi Mauwa bila kusita, kidole kwa kidole. Ilikuwa miezi mingi mtu hajaushika hivyo.

"Nani alikuambia hii ni fangasi?"

"Kila mtu."

"Kila mtu ana darubini?" Daktari alitabasamu kidogo. "Inaweza kuwa kweli. Lakini kuna magonjwa mengine ya ngozi yanapanda kwenye kucha, yanafanana hivi hivi. Kuna ukucha ulioumia tu. Vidonge vya fangasi vinapita kwenye ini, na mtu anavimeza kwa miezi. Siwezi kukupa kwa kubahatisha. Na siwezi kupima leo, kwa sababu hizo dawa za kupaka zitatudanganya, na hina inanificha rangi. Acha vyote. Rudi baada ya wiki tatu."

"Wiki tatu!" Munira alisema. "Daktari, kuna mgonjwa anamsubiri."

"Najua ni nyingi. Nikikosea itakuwa miezi."

Walirudi nyumbani. Katika wiki hizo tatu Bi Mauwa alifika kwa Somoe kila siku na kukaa mlangoni mwa chumba, mikono ndani ya khanga, wakizungumza kwa umbali kama watu wa ng'ambo mbili za mtaro. Somoe hakuogeshwa na mtu. Alijipangusa mwenyewe kwa kitambaa, sehemu zilizofikika.

Safari ya pili daktari alikata ncha za kucha, akakwangua taratibu chini yake, kule karibu na sehemu isiyougua, unga ukaangukia kwenye karatasi nyeusi. Kisha akasema, "Vua na viatu, mama."

"Miguu haina kitu."

"Nione tu."

Nyayo zilikuwa zimekauka, mistari yake imejaa ungaunga mweupe. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imelainika, imechanika. Kucha za miguu, karibu zote, zilikuwa nene na zimepinda.

"Hii ina muda gani?"

"Hiyo si ugonjwa, ni miguu tu. Iko hivyo zaidi ya miaka kumi. Jioni inawasha, najikuna, nalala."

"Unajikuna kwa mkono gani?"

Bi Mauwa alitaka kujibu, akauangalia mkono wake wa kulia.

"Ilianzia miguuni," daktari alisema. "Ikapanda kwenye mkono unaojikunia, na huo mkono ukawa kila siku majini. Niliambiwa na huyu binti kazi yako. Wafu hawakukupa kitu, mama."

Bi Mauwa alishusha pumzi ndefu. Alikuwa hajamwambia mtu, lakini kwa miezi alikuwa akiwapanga kichwani wanawake wote aliowaosha mwaka ule, akijiuliza ni yupi, na kila alipowaombea dua alijisikia ameikata kwa kinyongo.

Majibu yalitoka baada ya siku chache: fangasi walionekana kwenye darubini. Damu ikapimwa, ini lilikuwa zima, sukari hana. Daktari akampa vidonge, kimoja kila siku, miezi mitatu kwa sababu ya miguu.

"Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa. Dawa haitengenezi ukucha ulioharibika. Inaulinda unaoota. Huu mbovu utasukumwa mbele kidogo kidogo, wewe utakuwa unaukata, mpaka uishe. Mikono ni kama miezi sita. Miguu ni mwaka na zaidi. Ukiona bado mbaya baada ya mwezi, usiseme dawa haifanyi kazi."

"Na kuogesha mgonjwa? Na kuosha maiti?"

"Ukivaa glavu, hata leo. Ukimaliza kausha mikono, katikati ya vidole hasa."

"Niandikie, mwanangu," Bi Mauwa alisema. "Niandikie hivyo hivyo ulivyosema."

Daktari aliandika, akagonga muhuri.

Raudha aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akamrudishia. "Haya, ma'mdogo. Kwa glavu." Wiki nne za mwisho za maisha ya Somoe, Bi Mauwa alimwogesha tena. Somoe alikuwa amekonda mpaka yale makovu ya mgongo yamekuwa kama nguo ya mtu mwingine aliyoivaa yeye. Maneno yalimwishia. Siku moja alizishika zile glavu, akazivuta kidogo kama anayetaka zivuliwe, na Bi Mauwa alipotikisa kichwa akaziachia.

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, Bi Mauwa akiwa amekwenda kununua mchele.

Aliporudi uwanja ulikuwa umeshajaa. Turubai linafungwa, wanaume wanashusha viti, wanawake wamekaa mkekani. Alipita katikati yao hadi kwake, akachukua mkoba, akarudi. Mlangoni mwa chumba alisimama Bi Mwajabu, dada mkubwa wa marehemu Mashaka, mwanamke mzito wa sauti na wa mwili, ambaye kwenye shughuli zote za ukoo neno lake lilikuwa la mwisho.

"Pole, Mauwa. Pole sana. Lakini leo pumzika."

"Kupumzika?"

"Tumeshamwita mwosha kutoka Mbagala. Yuko njiani."

Munira alikuwa nyuma na karatasi ya daktari. "Bi Mwajabu, shikamoo. Shangazi anatibiwa, daktari kaandika hapa. Akivaa glavu hakuna shida yoyote."

Bi Mwajabu hakuipokea. Aliangalia vidole vya Bi Mauwa. Chini kabisa, kwenye mzizi, ukucha mpya ulikuwa umeanza kuota, mstari mwembamba wa waridi. Juu yake palikuwa vile vile, njano na kuvunjika, na bila hina palionekana vibaya kuliko zamani.

"Mwanangu, mie sijui mambo ya karatasi. Ninavyojua, watu wote waliokaa pale nje wanaziangalia hizo kucha. Wifi yangu hataondoka duniani huku watu wanasengenya."

Bi Mauwa alimtafuta Raudha kwa macho. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, uso umevimba.

"Raudha, mwanangu. Mama yako alinitaka mie."

"Najua, ma'mdogo." Raudha aliinamisha kichwa. "Shangazi ndiye mkubwa. Mie leo sina akili ya kubishana na mtu."

Bi Mauwa angeweza kusema. Maneno alikuwa nayo: nendeni mkaone mgongo wake, ndipo mtajua kwa nini alinitaka. Lakini kuyasema ni kuivunja ahadi ile ile aliyotaka kuitimiza. Akasogea karibu na Bi Mwajabu, akanong'ona.

"Basi Raudha asiingie. Nakuomba kwa Mungu. Mwacheni huyo mgeni amwoshe, lakini mtoto asiingie."

"Kwa nini?"

"Ana uchungu. Atazimia."

"Kumwosha mama yake ni haki yake," Bi Mwajabu alisema. "Hiyo usimnyang'anye."

Mwosha wa Mbagala alifika, mwanamke mchangamfu mwenye haraka. Bi Mauwa alimkimbilia uani, akamshika mkono, na yule mwanamke akautoa mkono wake kwanza kabla hajasikiliza. "Mfunike mgongo," Bi Mauwa alimwambia. "Ukimgeuza, mgeuze ndani ya nguo. Chochote utakachokiona, dada, kiache humo." Yule akasema, "Kazi yangu naijua, mama," akaingia. Raudha akaingia nyuma yake. Mlango ukafungwa.

Bi Mauwa alikaa kwenye kizingiti cha jiko. Alikuwa ameshasikia sauti ya maji hayo mara ngapi, lakini daima akiwa upande wa ndani. Alijua kila hatua kwa mlio wake. Sasa tumbo linakandwa taratibu. Sasa upande wa kulia. Sasa wa kushoto. Kisha ikasikika sauti ya yule mwosha, kali, hata waliokuwa mkekani waligeuka: "Astaghfirullah! Huyu aliunguzwa na nani?"

Maji yakaacha kumiminwa.

Raudha alitoka khanga imelowa, akapita watu wote, akaja kusimama mbele ya Bi Mauwa.

"Mgongo wa mama umefanywa nini?"

"Maji ya moto, mwanangu. Ajali ya jikoni. Wewe ulikuwa tumboni."

"Ajali gani inamwagika mgongo mzima?"

"Aliteleza. Sufuria ikamwangukia."

"Baba alikuwepo?"

"Baba yako ndiye aliyemkimbiza hospitali," Bi Mauwa alisema, na akashukuru kwamba hilo angalau lilikuwa kweli.

Raudha alimwangalia kwa muda. Bi Mauwa hakuyakwepa macho yake. Miaka ishirini na miwili alisitiri kwa nguo na kwa kufunga mlango. Siku ile alikuwa amebakiwa na uso wake tu, na alijitahidi usimwangushe.

Lakini mwosha wa Mbagala, akisubiri usafiri, aliwasimulia wanawake wa mkekani, na wazee wawili kati yao walikumbuka kelele za usiku mmoja wa zamani. Kabla jeneza halijarudi tupu kutoka makaburini, habari ilikuwa imeshamfikia kila mtu pale uwanjani.

Siku ya arobaini Bi Mauwa alikwenda kusaidia kupika. Sebuleni, juu ya televisheni, palikuwa na msumari mtupu. Raudha alikuwa akipanga sahani.

"Niliitoa," alisema, bila kuulizwa. "Baba mdogo wa Kigamboni nilimuuliza, akaniambia yote."

Bi Mauwa aliweka sufuria chini.

"Ulinidanganya, ma'mdogo."

"Ndiyo."

"Alikuagiza yeye?"

"Ndiyo. Alitaka ubaki na baba."

Raudha aliendelea kupanga sahani mpaka zikaisha, kisha akasema kwa sauti iliyokuwa haina hasira, imechoka tu, "Sasa sina wote wawili." Hakulia. Bi Mauwa alitamani angelia.

Vidonge viliisha, kucha zikaendelea kusogea. Kila baada ya wiki mbili Munira alimkatia shangazi yake kwa mkasi, wakichoma vipande kwenye jiko la mkaa. Ule mstari wa waridi ukafika nusu, ukapita nusu. Mwezi wa saba wa matibabu, daktari Tusajigwe aliishika mikono yake chini ya taa, akaigeuza, akasema, "Mama, mikono imepona. Miguu tuendelee kuvuta subira." Munira alipiga vigelegele pale pale kliniki hadi wagonjwa wa nje wakachungulia. Bi Mauwa alimshukuru daktari, akamwombea dua, akavaa viatu.

Wiki mbili baadaye alipigiwa simu. Mama yake yule mwanamke wa kona, yule aliyesema hali tena vitumbua, alikuwa amefariki. Munira alisema, "Usiende, shangazi." Bi Mauwa alichukua mkoba.

Marehemu alikuwa bibi mzee sana, mwepesi, hana kovu hata moja. Bi Mauwa alimwosha kama alivyofundishwa, akianza na kuume. Wasaidizi walimimina maji aliposema mimina, wakaacha aliposema acha. Walipomgeuza ili kuosha mgongo, mkono wa Bi Mauwa ulisimama. Ulikuwa mgongo laini, mweusi, wenye uti uliojitokeza, mgongo wa mtu yeyote, si ule aliokuwa ameahidi kuufunika. Akarudi nyuma hatua mbili, mbali na maji, mbali na sanda iliyokunjuliwa tayari, akaelekea ukutani, mabega yakaanza kutikisika.

Wale wasaidizi walitazamana. Mmoja akamfunika bibi kwa shuka ili asibaki wazi, mwingine akakishusha kikopo chini polepole kisitoe mlio. Nje mtu aligonga akiuliza kama wamemaliza, kwamba muda wa sala unakaribia. Walisimama kila mmoja upande wake wa kitanda, wakamsubiri Bi Mauwa.